Masaa Sita na Robo kutoka Mumbai

Mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili wanaoanza wapate cha kusoma siku wateja wakiwa wachache. Mmoja wenu alipendekeza nianze na mwaka niliopewa usimamizi wa ofisi. Hilo halimsaidii mtu, na mimi mwenyewe sikumbuki vizuri hata mwezi wake. Nitaanza na globu.

Siku ya kwanza nilifika hapa ofisi ya tiketi za ndege, Tunduma, nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu, nikitegemea kukuta mashine za kisasa. Nilikuta meza mbili, simu ya mezani iliyofungwa kufuli, kitabu cha ratiba za ndege kizito kama tofali la kuchoma, na mzee mmoja aliyekuwa ameinamia globu huku ameshika uzi wa kushonea. Huyo ndiye Mzee Siame. Alikuwa amestaafu ukarani wa stesheni ya reli, na kwa maoni yake ndege ilikuwa treni isiyo na adabu, kwa sababu haisimami njiani watu wakanunua ndizi.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Ukiizunguka dunia tumboni hapa, ni kilomita ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Aliyekutangulia alikisia, ndiyo maana hayupo."

Uzi wenyewe alikuwa ameupima kwa kuuzungusha tumboni mwa globu, akaukata, kisha akauwekea alama arobaini za kalamu nyekundu, zenye nafasi sawa. Dunia ina kilomita elfu arobaini, hivyo alama moja ni kilomita elfu moja. Mteja akitaja mahali, unashika ncha moja ya uzi hapa na nyingine kule, unauvuta hadi unyooke, unahesabu alama. Ndege kubwa inamaliza alama moja kwa saa moja na robo hivi. Unaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka, basi, umepata muda wa safari. Sijui kama wataalamu wa anga wangekubali, lakini kwa miaka mingi sikumwona akipotea kwa zaidi ya nusu saa.

Alinikataza kufungua kitabu cha ratiba kabla ya kupima. "Kitabu kinakuandikia saa za ukutani za watu wengine," alisema. "Ndege imeondoka kwa saa ya kwao, imetua kwa saa ya kwetu. Ukitoa hii kwenye ile unapata takataka. Kwanza umbali, Enesi. Ukishajua umbali, saa haziwezi kukudanganya."

Niseme hapa kwamba muda wa safari nitauita masaa, na saa ya ukutani nitaiita saa. Walimu wa Kiswahili wanisamehe. Kwenye kaunta, mtu akikuuliza "saa sita?" unatakiwa ujue anauliza kama ndege inaondoka mchana au kama atakaa angani mpaka miguu ivimbe.

Tunduma haina wateja wa kawaida. Mtu wa Dar huuliza bei. Wetu wengi wametoka kwenye familia za malori, mabasi na mizigo, hivyo wao huuliza umbali kwanza, kama mtu anayetaka kujua gari litakunywa mafuta kiasi gani. Ukimwambia dereva wa lori kwamba Guangzhou ni kilomita elfu nane na mia saba kutoka Dar, anatulia, anahesabu kimoyomoyo, halafu anakuuliza dereva wa ndege analala wapi. Nilikuwa nacheka mwanzoni. Baadaye nilijifunza kumjibu kwamba wako zaidi ya mmoja na wanapokezana, na hapo ndipo anapokubali kusafiri.

Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kutaka tiketi ya Lusaka.

"Mulishani, ba mayo," alinisalimia kwa Kibemba. "Nipe Lusaka, ya haraka."

Nilimweleza njia iliyokuwepo: apande gari hadi uwanja wa Songwe, aruke kwenda Dar, kisha Dar aruke kwenda Lusaka. Nilimwonyesha kwenye globu. Uzi wa Nakonde hadi Lusaka haukufika hata alama moja. Ule wa kupitia Dar ulikaribia mbili na nusu.

"Yaani niende mashariki ili nifike magharibi?"

"Ndivyo ndege zilivyo, mama."

"Basi nipande basi. Lenyewe angalau linajua Lusaka iko wapi."

Alikuwa na haki. Msimuuzie mtu tiketi kwa sababu tu mnayo.

Jambo la pili ambalo wageni wa kazi hii husahau ni kwamba uwanja wa Songwe hauko mkoa wa Songwe. Uko Mbeya. Kutoka Tunduma ni kilomita themanini na kitu, ambazo kwa globu huwezi kuziona hata ukiweka miwani miwili. Ukishapanda ndege, kilomita karibu mia saba za kwenda Dar unazimaliza kwa saa moja na nusu. Lakini zile themanini za lami zinaweza kukula asubuhi nzima, foleni ya malori ikianzia mpakani, au lori likilala barabarani pale Nanyala. Nimepoteza abiria wengi zaidi Nanyala kuliko angani, na angani sijapoteza hata mmoja. Mwambieni mteja aondoke mapema kuliko anavyopenda. Akinuna, mwacheni anune.

Halafu kuna ile saa moja. Nakonde wako nyuma yetu kwa saa moja, ingawa unaweza kuvuka kwa miguu ukiwa na andazi mkononi na ukafika halijapoa. Simu za mkononi zilipokuja zikazidisha balaa, kwa sababu ukikaa upande fulani wa mji simu inanasa mnara wa ng'ambo na kujibadilishia saa yenyewe bila kukuuliza. Mchungaji mmoja alifika uwanjani akiwa ametulia kabisa, anaimba, wakati ndege yake ilikuwa imeshaondoka. Simu yake ilikuwa Zambia, yeye alikuwa Tanzania. Tangu hapo niliwaandikia wateja wote kikaratasi kwa mkono: siku, saa kwa maneno, na sehemu ya siku. "Ijumaa, saa kumi na robo jioni, saa ya Tanzania." Wapo walionicheka. Ila hawakuachwa.

Naieleza hiyo saa moja kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniponza. Angalieni wateja wetu walikokuwa wakienda. Lusaka iko nyuma kwa saa moja. Johannesburg iko nyuma kwa saa moja. Dubai iko mbele kwa saa moja. Miaka nenda miaka rudi, tiketi tisa kati ya kumi nilizoshika zilinitaka niongeze saa moja au nipunguze saa moja. Wa China walikuwepo, lakini hao tofauti yao ni kubwa kiasi kwamba unaiona na unashtuka. Mkono wangu ulizoea moja. Nilikuwa naiongeza kabla akili haijafika.

Mzee Siame aliacha kazi magoti yalipokataa ngazi za ofisini, na baada ya miaka michache tukamzika kwao Momba. Kompyuta zilikuwa zimeshakuja. Unaandika mji na mji, kioo kinakupa kila kitu. Globu niliiweka juu ya kabati la mafaili na uzi wake nikauviringisha kwenye mhimili. Sikuitupa kwa heshima ya mzee, lakini sikuigusa pia. Aliyekuwa anaigusa ni mfanya usafi, mara moja kwa mwezi.

Sasa nifike kwa Mzee Nzowa.

Mzee Nzowa ni mkulima wa kahawa wa Igamba. Mke wake, Mama Tumaini, aliugua mapafu. Kidogo kidogo alianza kushindwa kupanda kilima cha shambani kwake, halafu akashindwa kutoka jikoni hadi sebuleni. Ndugu na kanisa walichanga, wakampeleka Mumbai. Tiketi za kwenda nilizikata mimi. Alikaa huko wiki kadhaa, na mwisho madaktari wakasema walichoweza wamekifanya, arudi nyumbani. Hawakuficha maana yake.

Mama Tumaini alikuwa hawezi tena kupumua bila mashine. Ni mashine ndogo ya oksijeni ya kuning'iniza begani, inatumia betri. Ili abiria wa namna hiyo apokelewe ndegeni kuna fomu. Inauliza muda wa kuruka, na inamtaka abiria awe na betri za kutosha muda huo mara moja na nusu, kwa dharura. Hospitali nayo inatoa betri kwa kufuata fomu. Fomu hiyo aliijaza wakala wake, ambaye ni mimi.

Ndege ilikuwa ya moja kwa moja, Mumbai hadi Dar. Kuondoka, saa sita na nusu mchana kwa saa ya India. Kutua, saa kumi na robo jioni kwa saa yetu. Nilikuwa na wateja wanne kwenye foleni na mmoja wao alikuwa anagongagonga kaunta kwa funguo. Nikatoa hii kwenye ile: masaa matatu na dakika arobaini na tano. Nikajua kuna tofauti ya saa, nikaongeza moja. Masaa manne na dakika arobaini na tano. Mara moja na nusu ni masaa saba na dakika chache. Betri moja hukaa masaa mawili na nusu, hivyo betri tatu zinatosha. Nikasaini, nikagonga mhuri, nikatuma. Aliyeipokea ofisi ya ndege akaipitisha, na hospitali ikatoa betri tatu.

India iko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu. Nilikuwa nalijua hilo. Ungeniamsha usingizini ningekujibu.

Jumatano mchana, siku moja kabla ya safari yao, Mzee Nzowa alinipigia kwa Watsapu kutoka Mumbai.

"Mama Tiketi, shikamoo yangu utaipokea ukiwa na nafasi?" Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, na huo ulikuwa utani wake wa siku zote.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Amenituma. Anataka kujua kutoka hapa mpaka nyumbani ni kilomita ngapi. Nimemwambia ni mbali tu, hataki. Anataka namba."

"Anataka namba ya nini?"

"Kahawa imechanua. Tumaini ametuma picha jana, shamba lote jeupe. Sasa mama yake anahesabu. Anasema ua la kahawa linakaa siku tatu, nne likijitahidi. Kesho tunaruka, tunalala Dar, Ijumaa tuko Igamba. Anasema atalikuta." Nikasikia sauti ya mke wake nyuma, nyembamba, inasema neno moja moja na kupumzika kati ya maneno. "Anasema umwambie na kipande cha Songwe mpaka mlangoni, usikiache."

Nilimwambia nitampigia baada ya dakika tano. Ningeweza kuangalia kwenye kompyuta, lakini mgonjwa aliyetaka namba nilimwona anastahili kupimiwa. Nikaiteremsha globu, nikaifuta kwa kanga, nikaweka ncha ya uzi Mumbai na nyingine Dar, nikavuta. Alama nne na sehemu kubwa ya tano. Kilomita elfu nne na mia saba. Na kwa kuwa vidole vilikuwa vimefundishwa vikiwa vichanga, vikaendelea vyenyewe: saa moja na robo kwa kila alama, nusu saa ya kupanda na kushuka. Masaa sita na zaidi.

Fomu ilisema manne na dakika arobaini na tano.

Nilipima tena. Nikafungua kompyuta, ikaniambia masaa sita na robo. Mara moja na nusu ya sita na robo ni masaa tisa na dakika zaidi ya ishirini. Hizo ni betri nne. Yeye alikuwa na tatu.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Sikupiga simu baada ya dakika tano. Nilipiga baada ya dakika arobaini. Kwa dakika zile arobaini nilikuwa natafuta njia ya kunyamaza. Betri tatu ni masaa saba na nusu, na safari ni sita na robo. Kwa hesabu hiyo zinatosha. Uwanjani kuna umeme, Dar wanalala kwa ndugu mwenye umeme. Hakuna atakayejua. Niliwaza pia mhuri wangu kwenye ile fomu. Mteja wa Nakonde akaingia, nikamhudumia, nikamwandikia kikaratasi chake cha saa, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Nikawaza ndege ikizungushwa angani saa nzima kusubiri mvua ipite. Nikawaza betri moja ikiwa imechoka kuliko inavyoonekana. Nikawaza ile sauti nyembamba.

Nikapiga.

"Kilomita elfu nne na mia saba mpaka Dar," nilisema. "Mia saba kasoro mpaka Songwe. Na kama sitini mpaka mlangoni kwenu. Mzee, kuna jambo jingine. Nilikosea fomu."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Betri tatu zitamfikisha Dar au hazitamfikisha?"

"Mambo yakienda sawa zitamfikisha."

"Yasipokwenda sawa?"

"Hapo sijui, mzee. Na mkitaka kuruka kesho itabidi ile fomu yenye uongo ndiyo iende. Nikiirekebisha watawakataa mpaka muwe na ya nne."

"Ya nne inapatikana lini?"

Nilikuwa nimeiuliza hospitali dakika chache kabla ya kumpigia. Kesho jioni. Ndege yao hairuki kila siku, iliyofuata ilikuwa Jumamosi.

Nilisikia feni ya chumba chao. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye kazi. Sema. Twende au tusiende?"

"Msiende."

"Sawa," alisema. "Lakini umwambie wewe. Mimi hilo la maua siwezi."

Akampa simu. Nilimwambia Mama Tumaini kwamba watachelewa siku mbili na kwamba kosa ni langu, nilijumlisha vibaya. Alichukua muda kukusanya pumzi.

"Siku... mbili," alisema. "Haya. Ulikuwa na... kazi nyingi?"

"Ndiyo, mama."

"Pole."

Nimepewa pole nyingi katika maisha yangu. Ile sikuweza kuipokea. Nilifunga ofisi kabla ya wakati, jambo ambalo sikuwahi kufanya, nikaenda nyumbani nikalia mbele ya wanangu bila kuwaeleza sababu.

Waliruka Jumamosi wakiwa na betri nne. Jumapili asubuhi niliwafuata Songwe na gari la shemeji yangu, maana niliona kuwalaki ni kitu cha chini kabisa nilichoweza kufanya. Mama Tumaini alishushwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa sweta la mtoto wake. Tulipita Nanyala bila foleni, kitu cha nadra. Tulipokunja kuelekea Igamba aliomba kioo kishushwe.

Maua yalikuwa yameshageuka kahawia. Shamba zima. Mengine yalikuwa chini, yamelowa mvua ya Ijumaa. Harufu ilikuwepo kidogo sana, na sijui kama pua yake yenye mpira wa oksijeni iliipata. Alitazama mpaka gari likasimama mlangoni. Tumaini alitoka mbio kumpokea mama yake, na mimi nikashughulika na mizigo ili nisiwaangalie.

Alikaa nyumbani siku kumi na moja, kisha akafariki. Nilikwenda msibani, nikapika na wanawake wenzangu, nikarudi kazini.

Kilichotokea baadaye ndicho kimenifanya nikubali kuandika. Hospitali iliiandikia ofisi yetu kushukuru kwamba tuligundua kosa kabla ya safari. Barua haikusema aliyelifanya ni nani. Bosi wa wakati huo aliibandika ukutani. Wenzangu wakaanza kuwasimulia wateja: huyu mama alipima kwa uzi akaokoa maisha ya mgonjwa aliyekuwa anaishiwa oksijeni angani. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake. Nilikuwa nasema, "Aa, jamani, sivyo hasa," kwa sauti ile ambayo mtu huitumia akitaka aendelee kusifiwa.

Miezi kama miwili baada ya msiba, Mzee Nzowa alikuja dirishani. Hakuwa na safari. Alikaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha, kisha akasogea.

"Nimesikia huku mjini wanasema ulimwokoa mke wangu."

"Sisemi mimi, mzee."

"Najua. Lakini hukatai."

Nilifunga daftari la tiketi.

"Nikuambie kitu," alisema, na hakuwa amekasirika, ndiyo maana sauti yake naikumbuka mpaka leo. "Tulitua Dar betri ya tatu ikiwa imebaki nusu. Ya nne hatukuigusa, iko kabatini kwangu. Sikulaumu kwa kutuzuia. Ungenyamaza na mimi nikajua, nisingekuja hapa kukaa kwenye benchi. Ulisema kweli, na nilikuuliza, na ukajibu. Hilo nakushukuru. Lakini zile siku mbili alikaa kwenye chumba cha gesti anatazama ukuta. Hakukuwa na dirisha la maana. Alikuwa ananiuliza kila baada ya muda, 'Sasa hivi yatakuwa yameanza kuanguka?' Mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Kwa hiyo watu wako waseme wanachotaka, ila wasizifanye zile siku zawadi."

Akaniaga kwa heshima, akavaa kofia yake, akaenda stendi kupanda gari la Mlowo. Ile barua niliitoa ukutani siku hiyohiyo. Hadithi haikutoka nayo. Wafanyakazi wapya walipokuja waliikuta, wakaipenda.

Tangu siku ile kila fomu ya mgonjwa niliipima mara mbili, kwa uzi na kwa kompyuta, hata foleni ifike barabarani. Wanaogongagonga funguo niliwaambia wagonge tu. Mkitaka funzo la kazi, lichukueni hilo, na mkumbuke kuandika tofauti ya saa juu ya karatasi kabla hamjagusa namba yoyote. Iandikeni hata kama mnaijua. Hasa kama mnaijua.

Wiki iliyopita mliniaga kazini. Ukumbi ulikuwa mzuri na pilau lilikuwa la kutosha, na ninawashukuru kwa kitenge. Mkurugenzi aliposimama alisimulia ile habari tena, safari hii mgonjwa akiwa tayari yuko ndegeni na mimi nikimpigia simu rubani. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, nikatabasamu, nikakimeza. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa na kipaza sauti mezani, mbele yangu kabisa.

Basi nasimama hapa. Sikumwokoa mtu. Nilikosea saa moja na nusu kwenye karatasi, kisha nikasema kweli nikiwa nimechelewa dakika arobaini. Mama Tumaini alikuwa amebakiwa na siku kumi na tatu. Mbili alizilipia kosa langu, na ndizo zilizokuwa na maua.